Wifi yangu anataka kunipambia harusi na roho yangu haijatulia, maua nimpe nani?

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie maana hapa nilipofika kichwa kinagonga. Naolewa miezi minne ijayo, ukumbi tumeshalipia, gauni liko kwa fundi, mambo mengi yanaenda vizuri tu, kilichonikwamisha ni maua. Najua wengine wataona ni jambo dogo ila kwangu sio dogo, mi napenda maua tangu utoto na picha nilizosevu zimejaa mpaka simu inagoma kupiga nyingine.

Sasa iko hivi. Nina watu wawili. Wa kwanza ni dada wa mchumba wangu, wifi yangu mtarajiwa, yeye ni mtu wa ofisini ila wikendi anapambaga maua kwenye sherehe za ndugu na marafiki. Aliposikia tu tunaoana akasema maua hayo ni yangu msihangaike, mtanipa hela ya kununulia basi. Mama mkwe akafurahi, mchumba wangu akafurahi, na mimi nikatabasamu. Kazi zake nimeziona, ni nzuri kweli, ila zilikuwa sherehe ndogo za nyumbani za watu 30 au 40 hivi na yetu ina watu 200. Nikimuuliza wifi tutaweka maua gani ananijibu "we niachie mimi", nikimuuliza itagharimu kiasi gani anasema "kwani mi mtu baki?"

Wa pili ni mpambaji wa kazi, nimempata Instagram, ukurasa wake ni mzuri mpaka unaogopa. Nikamwandikia, akajibu haraka, akanitumia kotesheni ya mstari mmoja tu imeandikwa mapambo ya maua ukumbi mzima, na jumla chini yake. Hiyo jumla Anti nilikaa chini. Kumuuliza mbona hivyo akaniambia maua ya harusi yana bei yake dada, na anataka nusu wiki hii la sivyo tarehe yangu anampa mtu mwingine.

Ninachotaka ni shada la mawaridi ya bluu, peoni nyeupe kwenye kila meza, tao kubwa la maua pale tutakapofungia ndoa na maua mabichi juu ya keki. Ndoa ni saa 9 alasiri, nje, kwenye bustani, halafu tunaingia ukumbini mpaka kama saa 5 usiku. Dada yangu mkubwa yeye anasema niweke ya plastiki yote niache kujitesa.

Nimchukue nani? Na wifi nitamkataaje bila kuanza ndoa na ugomvi? Na je, hayo maua yatafika usiku yakiwa mazima kweli? Halafu shada langu nataka nilitunze baada ya harusi, linakaushwaje?

Ni mimi, Bi Harusi Mwenye Presha

---

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kwanza vuta pumzi, miezi minne inatosha usipoichezea. Ila nakwambia bila kukupaka mafuta, mpaka leo bado hujapata mtu wa maua. Una mmoja anayesema niachie na mwingine anayesema leta nusu, na kwa ulivyoniandikia hakuna hata mmoja aliyekuuliza ndoa ni saa ngapi, ni nje au ndani, gauni ni jeupe au la krimu, meza ziko ngapi. Mtu wa maua anayeijua kazi hayo anayauliza kabla hata hajakuonyesha picha.

Maana maua ya harusi ukitoa urembo wote ni kazi ya masaa na maji. Ua likishakatwa halina mzizi tena, linaishi kwa maji linayovuta kwenye shina na akiba kidogo iliyobaki ndani yake, na joto linalimaliza haraka. Hebu piga hesabu ya siku yako: maua yamefungwa alfajiri, yamepanda gari, saa 9 yako bustanini, yanahamia ukumbini, na saa 5 usiku bado yanatakiwa yawe yamesimama wageni wanapiga nayo picha za mwisho. Ukurasa wa Instagram haukwambii lolote kuhusu masaa hayo kwa sababu picha zote zile zimepigwa mpambaji alipomaliza tu kupanga, ukumbi hauna mtu, maua yana dakika kumi.

Kwa hiyo wote wawili, nasema wote wawili na wifi akiwemo, waulize swali moja kabla ya bei: maua yangu utayapokea siku gani na yatalala wapi? Anayejua atakujibu papo hapo. Atakwambia mawaridi huja yamefumba kwa hiyo anayapokea siku 2 au 3 kabla, anayakata mashina upya kwa mshazari, anatoa majani yote yatakayozama majini yasije yakaoza, anayaacha yanywe mahali penye baridi mpaka yafunguke kiasi. Na kama una okidi au anthurium kwenye oda yako atakwambia hizo anaziweka pembeni, zimetoka nchi za joto, baridi ya friji ya mawaridi inaziunguza. Anayekujibu "usijali maua yatakuwa freshi" hajakujibu, muulize tena, na akirudia hivyohivyo shukuru uondoke.

Ukiweza fika anapofanyia kazi, hata kama ni chumba cha nyuma cha nyumba yake, wala usiangalie mapambo, chungulia kwenye ndoo. Maji yawe masafi, yasiwe na utelezi wala harufu. Chukua waridi moja ulibonyeze taratibu pale chini petali zinapokutana na shina, likiwa gumu ni jipya, likibonyea kama sponji limeshakaa siku nyingi hata kama kwa juu linacheka. Na usishtuke kuona petali za nje zina rangi ya kijani au zimechubuka, hizo wakulima wanaziachaga makusudi zilinde ua safarini, fundi anazing'oa wakati wa kupanga. Muulize kwanini ziko hivyo usikie anasemaje, ni mtihani mzuri na hata hajui kama unamtahini.

Picha mwombe za harusi moja, mwanzo mpaka mwisho. Sio picha kumi za harusi kumi, moja tu, kuanzia shada la bibi harusi mpaka meza ya mwisho kule kwenye mlango wa jikoni, maana meza za mbele kila mtu anazijua kuzipamba. Zikiwemo zilizopigwa usiku na simu ya mgeni ndo bora zaidi. Na kwa huyu wa Instagram chukua picha zake mbili tatu uzitafute kwa kamera ya Google uone kama hazijatokea kwenye kurasa za watu wengine wa nchi zingine, kuna wapambaji wanaishi kwa picha za wenzao.

Tuje kwenye ile kotesheni ya mstari mmoja. Hiyo irudishe. Simwiti mwizi, anaweza kuwa fundi mzuri tu asiyependa makaratasi, lakini wewe ukilipa nusu kwa mstari ule siku ya siku akileta nusu ya ulichotarajia huna pa kumshikia. Mwambie akuandikie kila kitu peke yake: shada, maua ya wapambe wangapi, maua ya koti wangapi (aongeze moja la akiba, hayo yanasagwa kwenye kukumbatiana), tao, meza ngapi na kila meza ina mashina mangapi ya ua gani. Hapo kwenye mashina ndo pesa ilipo. Shada la mawaridi matupu la saizi ya kawaida linakula kama mashina 20 hadi 30, na meza 20 zenye mashina 15 kila moja ni mashina 300, ukishaona hivyo utaelewa jumla imetoka wapi na utajua pa kupunguza bila kubembeleza punguzo. Iandikwe pia ua likikosekana sokoni ataweka lipi badala yake na kwamba liwe la rangi ileile na thamani ileile. Vasi ni zako au za kukodi, na ikivunjika moja nani analipa. Nani anafunga na nani anafungua usiku, ukumbi unafunguliwa saa ngapi kwa wapambaji. Watu wanaposainiana mkataba wa maua wanasahaugi gari na vibarua halafu ndo vinavyoleta kelele asubuhi ya harusi.

Kudai adivansi sio kosa, na yeye lazima aagize mzigo kwa mkulima na atoe hela yake, na kumfungia tarehe ni haki yake. Kosa ni kudai kabla ya karatasi. Na kama tarehe yako iko karibu na Februari 14 ujue mawaridi bei inaruka dunia nzima, hapo hakuna wa kulaumu, badilisha ua.

Sasa maua yako yenyewe, na hapa utaninunia kidogo.

Waridi la bluu halipo. Mmea wa waridi hauna ile rangi asilia inayoyapa maua mengine bluu yake, inaitwa delphinidin. Kampuni ya Suntory ya Japani ilihangaika miaka na miaka kuliingizia kwa uhandisi wa jeni, wakaanza kuliuza kule kwao 2009, na ukiliangalia bado ni zambarau iliyofifia. Kwa hiyo mawaridi ya bluu uliyosevu ni meupe yaliyonyweshwa rangi au kupuliziwa au kufanyiwa ujanja kwenye kompyuta. Yaliyopuliziwa yanachafua, mkono wenye jasho na gauni jeupe, maliza mwenyewe hiyo sentensi. Ukitaka bluu ya kweli shadani weka delfiniamu, ua lenye bluu yake asilia, katikati ya mawaridi meupe, itatoka vizuri kuliko ulichokisevu. Haidrenjia nayo ina bluu ya kweli, ila hiyo ni mlevi wa maji, ikikosa nusu saa juani inalegea kichwa, iweke mezani kwenye vasi tu, tena ya ndani.

Peoni ni nzuri sijakataa, ila msimu wake ni mfupi na nje ya msimu inasafirishwa kutoka mbali kwa bei ya kutisha kama inapatikana kabisa. Mwambie mpambaji tarehe yako akwambie kama ipo, na kama haipo kuna mawaridi ya bustani yenye petali nyingi zilizojaa, yakifunguka vizuri mgeni aliyekaa mezani hatajua tofauti. Tena usidharau kanesheni kwa sababu kila mtu anaijua, ikifungwa nyingi pamoja inakuwa kama wingu na inakaa siku nyingi bila kunyauka, wapambaji wakubwa wanaitumia kila siku wanakaa kimya tu.

Gadenia ikae mbali na shada, petali ukizigusa zinaacha alama ya kahawia. Na lili, kama utaziweka popote pale zinapopitiwa na nguo, hakikisha vile vichwa vya chavua vimetolewa ua linapofunguka tu, kabla ya kuanza kumwaga unga. Chavua ikigusa gauni usiifute kwa maji wala mkono, itaingia ndani ya kitambaa, chukua selotepu uinase juu kwa juu. Mwambie msimamizi wako atembee na selotepu kwenye pochi. Niamini.

Urefu wa maua ya mezani: ama yawe chini ya sentimita 30 hivi au yapande juu kabisa kwenye shina jembamba yapite vichwa vya watu. Yakiwa ya katikati wageni wanaongea na majani, na ndani ya dakika kumi mtu atayanyanyua ayaweke chini ya meza, pesa yako hiyo.

Tao sasa. Bustanini saa 9 na jua lile, maua ya tao yanakunywa wapi? Muulize hivyohivyo. Wengi watakwambia kwenye ile sponji ya kijani. Sawa, ila sponji ile inatakiwa iwekwe juu ya maji iachwe izame yenyewe, ukiikandamiza kwa mkono inabaki na hewa katikati na ua lililochomekwa hapo linakufa kwa kiu huku nje kumelowa. Mwambie akuonyeshe anavyoiloweka. Pia ujue ile ni plastiki, haiozi, inamomonyoka vipandevipande, na Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, iliipiga marufuku kwenye maonyesho yao tangu 2021, kuna mafundi siku hizi wanatumia waya wa kuku na vichupa vidogo vya maji na kazi inatoka safi tu. Akikwambia tao halihitaji maji kwa sababu litakaa masaa mawili, basi alijaze majani magumu kama mkalitusi na maua yachache magumu, haidrenjia isionekane huko.

Na hilo tao usiliache bustanini likionewa huruma na ndege. Mkiwa mnapiga picha lihamishwe nyuma ya meza yenu ukumbini, umelilipia mara moja umelitumia mara mbili. Lakini iandikwe kwenye mkataba nani analihamisha na anapata dakika ngapi, maana ukisema "tutalihamisha" bila jina la mtu litabaki palepale.

Dada yako wa plastiki ana nusu ya haki. Sehemu za juu, darini, kilele cha tao, nyuma kabisa ambako hakuna pua wala mkono utakaofika, weka ya bandia mazuri changanya na majani mabichi, hakuna atakayeuliza. Ila shada, meza na koti la bwana harusi yawe mabichi, hivyo ndivyo vitu ambavyo watu wanavishika na kuvinusa na kamera inavisogelea.

Haya, wifi. Hapa ndo najua ndo barua yako ilipo hasa, mengine ni mapambo. Usimkatae kwa ubora wa kazi yake, hutaishinda hiyo kesi na mama mkwe ameshapiga makofi. Kuna sababu nyingine ya kweli kabisa isiyomdhalilisha: yeye ni dada wa bwana harusi. Asubuhi ile atatakiwa awe kwenye nywele, kwenye picha za familia, kwenye kumpokea mama yake, wakati huohuo meza 20 zinasubiri maua na gari la maji halijafika. Hawezi kuwa sehemu mbili. Na akichagua kazi atakosa harusi ya kaka yake, akichagua harusi maua yako ndo yatakosa mtu. Hilo mchumba wako alielewe kwanza, halafu aseme YEYE, ni dada yake huyo, sio wewe. Aende amwambie "dada nataka siku hiyo uwe umekaa mbele umependeza, sitaki kukuona na ndoo". Ukienda wewe itasikika bi harusi kaanza kuchagua ndugu.

Halafu mpe kitu cha heshima afanye ambacho kinaisha mapema. Shada lako, kwa mfano, linafungwa jioni ya kuamkia harusi, linalala majini sehemu ya baridi, asubuhi yeye hana kazi tena. Nasema hivi kwa sababu umesema kazi zake ndogo ni nzuri, shada ni kazi ndogo inayotaka mkono mzuri, na kila atakayesifia utamtaja. Mwambie tu asilisokomeze kwenye friji ya nyumbani yenye matunda yaliyoiva, matunda yanatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua usiku mmoja. Na kabla hujalishika lifutwe mashina kwa taulo, maji yasichirizike kwenye gauni.

Akigoma, akasema ni yote au hakuna? Basi akae na wewe kwenye maswali yaleyale niliyokupa hapo juu, siku gani, yanalala wapi, mashina mangapi, nani anabeba, aandike. Anaweza kukushangaza akawa na majibu yote na vijana wanne wa kumsaidia, hapo mpe kazi kwa moyo mweupe. Au atagundua mwenyewe kwamba 200 sio 40 na atakuachia bila mtu kununa.

Huyu wa Instagram mpe wiki moja alete karatasi. Wakati anaandika tafuta na wa tatu, usiende vitani na mmoja. Akikataa kuandika kwa sababu ana haraka na tarehe, mwache aende nayo.

Keki: mwoka keki na mtu wa maua waache waongee wao kwa wao. Sio kila ua linagusa chakula, oleanda na lili ya bondeni zina sumu kabisa ya moyo, haidrenjia nayo isiguse keki, na mengi ya dukani yamepigwa dawa. Waridi lililolimwa bila dawa linatosha, na shina lake lisichomekwe moja kwa moja kwenye keki, lifungwe kwanza.

Kukausha shada: usisubiri urudi fungate, ndani ya siku moja au mbili mtu alichukue, alifungue kidogo hewa ipite, alining'inize kichwa chini sehemu kavu yenye giza kwa wiki 2 mpaka 3. Giza ni kwa ajili ya rangi isipauke. Mawaridi meupe yatageuka krimu, hilo kubali. Ukitaka yabaki na umbo lake yafukiwe kwenye zile chembechembe za silika zinazonyonya unyevu, kwenye boksi lenye kifuniko, inaenda haraka zaidi, na delfiniamu inakauka vizuri na bluu yake haiendi mbali. Hiyo kazi mpe dada yako wa plastiki.